"Mjomba Vanya" kwa bajeti ndogo: fedha iende kwenye mazoezi, isiende kwenye kuijenga Urusi

#1 · Mleta uzi

Kila anayefikiria kuigeuza tamthilia ya Anton Chekhov, mwandishi wa Kirusi, kuwa filamu kwa fedha kidogo huanza kwa kuorodhesha asivyokuwa navyo: nyumba ya shamba yenye vyumba 26, samovari (birika kubwa la Kirusi la kuchemshia maji ya chai), farasi, magauni marefu ya mwisho wa karne ya 19, na theluji. Theluji tuiondoe mapema, kwa sababu katika "Mjomba Vanya", mchezo wake ninaouzungumzia hapa, haimo. Mchezo unaanza mchana wa joto kali na kwisha jioni ya Septemba. Hivyo vingine navyo, kwa maoni yangu, si hasara kuvikosa, na uzi huu nimeufungua ili kuitetea hoja hiyo kwa mfano mmoja: filamu "Vanya on 42nd Street" ya mwaka 1994, iliyoongozwa na Louis Malle, nayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwake kabla ya kufariki mwaka 1995.

Kwa ambao hawajausoma mchezo, kisa chake ni chepesi kusimulia. Ivan Voinitsky, ambaye mpwa wake Sonya humwita Mjomba Vanya, ana umri wa miaka 47, na ametumia miaka 25 kulisimamia shamba ambalo Sonya alirithi kwa marehemu mama yake, huku mapato yote akimpelekea shemeji yake, Profesa Serebryakov, anayeishi mjini na kuandika kuhusu sanaa. Profesa anastaafu na kuhamia shambani pamoja na mke wake wa pili, Yelena, mwenye umri wa miaka 27, na nyumba nzima inaharibikiwa ratiba: bwana mkubwa huamka saa sita mchana, wakati samovari imekuwa ikichemka tangu asubuhi kumsubiri yeye. Vanya anampenda Yelena, daktari Astrov naye anampenda Yelena, Sonya anampenda Astrov, na hakuna anayempata anayemtaka. Profesa anapendekeza shamba liuzwe, Vanya anamfyatulia risasi mbili na zote zinamkosa, wageni wanaondoka, wenyeji wanarudi kuandika hesabu. Basi. Mchezo huu ulipoonyeshwa mara ya kwanza na Jumba la Tamthilia la Sanaa la Moscow mwaka 1899, Konstantin Stanislavsky, mwongozaji na mwigizaji mashuhuri wa Kirusi, alicheza mwenyewe nafasi ya Astrov, na tangu hapo umekuwa kipimo cha waigizaji popote ulipofika.

Sasa tuje kwenye filamu. Mwongozaji wa jukwaani André Gregory alianza kuufanyia mazoezi mchezo huu jijini New York mwaka 1989 na kundi dogo la waigizaji, miongoni mwao Wallace Shawn akiwa Vanya na Julianne Moore akiwa Yelena, wakitumia maandishi ya Kiingereza yaliyotayarishwa na David Mamet, mwandishi wa tamthilia wa Marekani. Hawakuwa na nia ya kuuza tiketi. Walikutana kwa vipindi, kila mtu akiwa na kazi nyingine ya kumpa riziki, na baadaye wakawa wanaalika watu wachache wakae karibu nao na kutazama. Malle alipoamua kupiga filamu, walihamia New Amsterdam, jumba la maonyesho lililojengwa mwaka 1903 katika Mtaa wa 42, ambalo wakati huo lilikuwa gofu. Panya walikuwa wametafuna kamba za jukwaa, plasta ilikuwa ikidondoka kutoka darini, na jukwaa lenyewe halikuwa salama kusimama mtu, kwa hiyo wakaigiza chini, sehemu wanapokaa watazamaji. Hakuna aliyepaka rangi ukuta ule ili ufanane na nyumba ya Kirusi. Hakuna aliyevaa maleba ya karne ya 19. Waigizaji wamevaa nguo walizotoka nazo nyumbani, na mezani kuna kikombe cha karatasi chenye maandishi ya kulisifu jiji la New York, kile wanachouziwa watalii.

Namna filamu inavyoanza ndiyo sehemu ninayomwomba kila mtayarishaji aitazame mara kadhaa kabla ya kuandika bajeti yake. Tunawaona waigizaji wakifika kwa miguu katikati ya umati wa mtaani, wanasalimiana, wanaingia ndani ya gofu. Shawn anasema amechoka, anajinyoosha kwenye benchi, anasinzia. Karibu na hapo Larry Pine, anayecheza Astrov, amekaa na Phoebe Brand, mwanamke wa makamo yaliyopita anayecheza yaya Marina, wanazungumza mambo ya uchovu na kazi, na mwanamume anamuuliza yule mama ni muda gani sasa tangu wafahamiane. Mama anafikiri, anajibu, na mtazamaji anachelewa kung'amua kwamba swali lile ni la Chekhov, na kwamba mchezo umeshaanza bila pazia, bila muziki, bila kubadilisha taa. Anapoamka pale kwenye benchi, Shawn si Shawn tena. Ni Vanya, ambaye katika maandishi pia huingia akiwa ametoka kulala. Jambo hilo halikugharimu chochote zaidi ya benchi.

Hata hivyo sipendi tujidanganye kwamba filamu ile ilikuwa rahisi. Gharama yake ililipwa kwa muda, kwa miaka ya kurudia maneno yaleyale mpaka waigizaji wakaweza kuyasema kwa sauti ya chini kabisa, bila kupaza kama wafanyavyo watu wa jukwaani, na kamera ikaweza kuwasogelea hadi usoni bila kukuta uongo. Filamu nyingi za gharama nafuu hufanya kinyume chake: fedha inakwenda kwenye kukodi jumba la kifahari kwa siku chache, waigizaji wanapewa muswada usiku wa kuamkia kazi, na siku ya kupiga picha ndiyo siku ya mazoezi. Mtu anaweza kupona kwa njia hiyo akiwa na kisa chenye mbio na mapigano. Kwa Chekhov haponi, kwa sababu katika mchezo huu watu hunywa chai huku maisha yao yakiharibika, na asiyejua kunywa chai mbele ya kamera hataokolewa na jumba.

Nakaribisha mawazo, hasa ya waliowahi kushughulika na jukwaa au kamera.

#2 · Mchangiaji

Mleta uzi, hoja yako naielewa, ila nina wasiwasi nayo. Filamu uliyoitaja ni ya watu wanaofanya mazoezi ya mchezo. Ukiondoa ujanja huo wa mwanzo, kinachobaki ni tamthilia iliyorekodiwa: watu wanakaa, wanaongea, wanasimama, wanaongea tena. Mtazamaji aliyelipa fedha yake anataka kuona, na bajeti ndogo isigeuzwe kisingizio cha kumnyima macho yake haki. Mwaka 1970 Andrei Konchalovsky aliutengeneza mchezo huuhuu kule Mosfilm, studio ya filamu ya Moscow, Innokenty Smoktunovsky akiwa Vanya na Sergei Bondarchuk akiwa Astrov, na nyumba aliyoionyesha, yenye milango inayofunguka kwenye vyumba vingine visivyokwisha, inaeleza upweke wa watu wale kuliko maneno yao. Hiyo utaipataje kwenye gofu?

#3 · Mleta uzi

Mkuu, umetaja filamu ninayoiheshimu, na nakubali kwamba nyumba ile ni mhusika kamili. Lakini hata hiyo ina mafunzo ya uhaba. Baadhi ya sehemu zake ni za rangi na nyingine hazina rangi, na inasimuliwa kwamba sababu ya awali ilikuwa upungufu wa mkanda wa kupigia picha za rangi. Mwongozaji hakuficha pengo hilo. Aliligeuza kuwa mtindo, na mwanzoni akaweka picha halisi za mnato za Urusi ya zama zile, zenye njaa na misitu iliyokatwa, ambazo hazikuhitaji kuigizwa upya na mtu yeyote.

Kuhusu macho ya mtazamaji, nadhani jibu limo ndani ya mchezo wenyewe. Tazama mahali Chekhov anapoziweka sehemu zake nne. Ya kwanza iko bustanini, mbele ya nyumba. Ya pili iko katika chumba cha kulia chakula, usiku. Ya tatu iko sebuleni. Ya nne iko katika chumba cha Vanya, ambacho ni chumba cha kulala na papo hapo ndiyo ofisi ya shamba, chenye meza ya hesabu, mizani na makabati. Kila hatua inatuingiza ndani zaidi, hadi tunafika kwenye kitanda cha mtu na daftari lake. Huo ni mpango wa kamera ulioandikwa kabla watu hawajajua kuhamisha kamera. Mtayarishaji mwenye nyumba moja tu, hata iwe ndogo, anaweza kuufuata: aanze nje kwa picha za mbali zenye nafasi, apunguze nafasi kidogo kidogo, na akifika sehemu ya nne asiwe na pa kurudi nyuma. Hapo ukubwa wa nyumba hauna kazi. Chumba kikiwa kidogo ndiyo afadhali.

Jingine ni sauti. Mwandishi huyu anaposimulia jambo kubwa hupenda kuliacha nje ya chumba na kutuletea sauti yake tu. Katika sehemu ya pili, usiku wa manane, Yelena na Sonya wamepatana baada ya kununiana kwa muda mrefu, na Yelena anatamani kupiga piano, jambo ambalo hajalifanya siku nyingi. Sonya anakwenda kumwomba ruhusa profesa anayeumwa. Nje mlinzi anagonga-gonga akizunguka nyumba. Yelena anamwambia asigonge, bwana hajisikii vizuri. Sonya anarudi na neno moja: hairuhusiwi. Sehemu inaishia hapo. Piano haipigwi. Hebu fikiria bajeti: muziki wa kulipia haupo, mpiga piano hayupo, na bado mtazamaji ameusikia ukimya wa piano ile kuliko ambavyo angeusikia muziki wenyewe.

Sehemu ya nne ndivyo ilivyo pia. Wageni wanapoondoka hatuoni gari la farasi. Tunasikia kengele za farasi, kisha mmoja baada ya mwingine wanaobaki wanaingia na kusema, "Wameondoka." Baadaye Astrov anaona uvivu wa kuondoka, na anachokitaja ni mlio wa kalamu zinazokwaruza karatasi na nyenje anayelia. Mtu mwenye kinasa sauti kizuri na nyenje mmoja ana sehemu ya nne.

Na risasi, ambayo watayarishaji wengi huitengea fedha ya mtaalamu wa milipuko: ya kwanza inasikika kutoka nje ya jukwaa, na ya pili, Vanya anapofyatua mbele yetu, maandishi yanamtaka aseme mwenyewe kwa mdomo, "Bats!", kama mtoto anayecheza, kisha ashangae kwamba amekosa. Wengi hulikata neno hilo kwa kuona kwamba linaharibu mshtuko. Mimi naona ndilo lenye mshtuko.

#4 · Mchangiaji

Naomba kuuliza kuhusu haki za maandishi, kwa sababu nimeona watu wakiingia matatani. Je, mtu yeyote anaweza kuuchukua mchezo huu na kuutengenezea filamu bila kulipa? Na atumie maandishi yapi?

#5 · Mleta uzi

Chekhov alifariki mwaka 1904. Sheria za hakimiliki za Tanzania na Kenya hulinda kazi ya mwandishi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zenye muda mrefu zaidi huishia miaka 70, kwa hiyo maandishi yake ya Kirusi ni mali ya umma. Tafsiri ni jambo jingine kabisa. Tafsiri ni kazi yenye mwenyewe, na aliyeitafsiri jana ana haki zake leo. Vivyo hivyo kwa matayarisho kama ya Mamet. Ukichukua tafsiri ya Kiingereza iliyotoka miaka ya karibuni, ukaigeuza Kiswahili kimyakimya, umetumia kazi ya mtu bila idhini, na tamasha la kwanza utakalolipelekea filamu yako litakuuliza karatasi.

Njia safi, na kwa bajeti ndogo ndiyo rahisi kuliko zote, ni kutafsiri upya kutoka Kirusi na kuandikiana mkataba na mtafsiri. Watu hao wapo. Tangu Chuo Kikuu cha Urafiki kilipoanzishwa Moscow mwaka 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata, wapo madaktari, wahandisi na walimu wa Afrika Mashariki waliosoma Urusi na kurudi na lugha hiyo. Mtu wa aina hiyo alipwe vizuri, na aketi mazoezini pamoja na waigizaji, kwa maana sentensi itakayogoma mdomoni mwa mwigizaji irekebishwe palepale.

#6 · Mchangiaji, Nairobi

Ndugu zangu, mimi naona mnazunguka mbuyu. Kama shida ni gharama ya kuijenga Urusi, kwa nini tusiuhamishe mchezo? Mwaka 1994 huohuo Michael Blakemore aliuhamishia Australia katika "Country Life", na mwaka 1996 Anthony Hopkins akauhamishia Wales katika "August". Sisi tuna mashamba ya chai, tuna maprofesa wastaafu wanaorudi kijijini na mke wa pili, tuna wajomba walioachiwa shamba walisimamie huku ndugu wa mjini wakila mapato. Hiyo mbona ni habari ya Limuru, au hata Njombe?

#7 · Mleta uzi

Kisa kinahamishika, sikatai, na hesabu za fedha zilizomo ndani yake zitaeleweka upesi mno kwa watu wetu. Shamba lilinunuliwa kwa rubo (fedha ya Kirusi) 95,000. Zililipwa 70,000, zikabaki 25,000 za deni, na Vanya akafanya kazi miaka kumi kama punda kulimaliza. Mshahara wake ni rubo 500 kwa mwaka, na katika miaka yote 25 profesa hakuwahi kufikiria kumwongezea hata rubo moja. Kisha profesa anawakusanya watu sebuleni na kueleza kwa utulivu kwamba shamba linaleta wastani wa asilimia 2 tu, kwamba likiuzwa na fedha ikawekwa kwenye hati za thamani italeta asilimia 4 hadi 5, na kwamba chenji itatosha kununua kijumba cha mapumziko huko Finland. Waandishi wa muswada wanaobana muda hupenda kuanza kukata hapo, wakidhani takwimu zinamchosha mtazamaji. Ukizikata, risasi inabaki ya mtu aliyekosa mwanamke, nayo si hiyo. Kikao cha ukoo kuhusu kuuza shamba hakuna asiyekijua kati yetu, na mwigizaji wa profesa akikiendesha kwa upole wa mtu anayeamini anawasaidia wote, huhitaji kumwonyesha ubaya wowote mwingine.

Lakini kuhamisha nako kuna gharama yake, na mara nyingi haionekani kwenye karatasi ya bajeti. Nitatoa mfano mmoja. Katika chumba cha Vanya, sehemu ya nne, Chekhov ameagiza ukutani itundikwe ramani ya Afrika, na akaongeza kwamba ni dhahiri ramani hiyo haina faida kwa mtu yeyote pale. Dakika za mwisho Astrov, ambaye Yelena ameshamwacha na farasi wake yuko tayari nje, anaisogelea, anaitazama, na kusema kwamba bila shaka huko Afrika sasa hivi kuna joto la kutisha. Vanya anajibu, ndiyo, huenda. Mtu mzima hana la kusema, anazungumzia hali ya hewa ya mahali asipopajua na asipotarajia kufika. Sasa uhamishie mchezo Limuru: ukutani utatundika nini? Ramani ya Afrika itakuwa na faida, kwa hiyo haifai. Utatundika ya Urusi? Hiyo itakuwa mzaha kwa wanaomjua Chekhov, na kwa wengine haitakuwa na maana. Kalenda ya benki? Ramani ya reli ya nchi ya mbali aliyosomea profesa? Sisemi haiwezekani, nasema ukihamisha utalazimika kuamua mambo madogo kama hayo kwa mamia, na kila moja linahitaji mtu mwenye kipaji, na muda.

Ndiyo maana njia ya Malle inanivutia kuliko ya kuhamisha na ya kujenga. Waigizaji wetu wabaki walivyo, wavae nguo zao, nyumba iwe nyumba yoyote ya kwetu iliyochakaa, na majina yabaki Vanya, Sonya, Yelena. Mtazamaji wa Kiswahili amezoea kusikiliza hadithi ya nchi ya mbali ikisimuliwa na mtu aliyekaa mbele yake, na hamdai msimulizi avae kama mfalme anayemsimulia. Katika mpangilio huo ramani ya Afrika inabaki ukutani. Mwigizaji wa kutoka Tanga au Kisumu anasimama mbele yake na kusema kwamba huko Afrika lazima kuna joto kali. Sijui mwongozaji yeyote ambaye angeipata picha hiyo kwa kununua.

#8 · Mchangiaji

Nimefanya kazi ya sauti kwa miaka mingi, basi niongezee hapo. Kama mnasema mchezo huu unaishi kwa mlio wa kalamu na nyenje, msichague nyumba kwa kuitazama. Ichagueni kwa kuisikiliza. Kaeni humo usiku mmoja. Nyumba nzuri iliyo jirani na kituo cha bodaboda, msikiti, kanisa la mkesha au mashine ya kusaga itawamalizia fedha mtakapoanza kurekodi upya maneno studio, na maneno yaliyosemwa kwa mnong'ono hayarudiki studio yakabaki na uhai uleule. Bati likinyeshewa halisikilizani na mtu. Na kinasa sauti kilichofungwa kifuani hukwaruzana na kitenge. Kuna siku nzima nimewahi kuona ikipotea kwa sababu hiyo.

#9 · Mleta uzi

Nashukuru sana, na ushauri huo nauweka juu ya kila kitu nilichokiandika. Nataka niongeze mfano mmoja wa lugha, kwa kuwa kuna aliyeniandikia pembeni akiuliza kama waigizaji wenye lafudhi tofauti wataharibu kazi. Katika "Drive My Car" ya Ryusuke Hamaguchi, ya mwaka 2021, mchezo huuhuu unaandaliwa Hiroshima na waigizaji wanaotumia lugha mbalimbali, na maneno ya mwisho ya Sonya yanasemwa kwa lugha ya alama ya Kikorea. Mazoezi yanayoonyeshwa mle ni ya kukaa mezani na kusoma maandishi bila kutia hisia yoyote, tena na tena, hadi kila mmoja amjue mwenzake anamaliza wapi. Meza, viti, karatasi. Hakuna kikundi cha mtaani kisichoweza kumudu hayo.

Kwa aliye na hofu ya kuanza na kazi ya saa mbili, ajaribu kwanza "Dubu", kichekesho kifupi cha Chekhov cha mwaka 1888. Mwongozaji Isidor Annensky alianza kazi yake ya filamu kwa kuutengeneza mchezo huo mwaka 1938. Una mjane, mtumishi wake, na mwanamume aliyekuja kudai rubo 1,200 za shayiri aliyokopeshwa marehemu. Wanagombana mpaka wanaletewa bastola za kupigania, na bastola zenyewe hazifyatuliwi. Chumba kimoja, watu watatu. Mimi ninacho chumba, kiko mbali na bodaboda, na mwigizaji wa mjane nimeshazungumza naye. Anayesoma Kirusi na aliye tayari kukaa mazoezini kwa miezi mitatu, si kututumia tafsiri kwa barua pepe, aniandikie.